Binti yangu anamkataza mdogo wake kucheka kwa sababu yangu

Shangazi, shikamoo.

Nina watoto wawili: binti wa miaka saba na mdogo wake wa kiume aliyetimiza miwili juzijuzi. Tangu nijifungue huyu wa pili, mimi si yule mtu niliyekuwa. Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa kulea na kukesha. Lakini mtoto alipoanza kulala usiku kucha, mimi nikaendelea kuamka saa tisa za usiku na kukodoa macho gizani hadi kuche. Chakula hakina ladha. Kuoga tu ni kazi ya nusu siku. Mtu akinisimulia kisa cha kuchekesha, maneno nayasikia, kicheko hakiji.

Watoto nawahudumia, Shangazi. Wanakula, wanavaa, mkubwa anakwenda shule akiwa safi. Ila ni kama nafanya yote hayo kwa mikono ya mtu mwingine.

Mwezi uliopita binti yangu alirudi kutoka shule mbio, ameshika mchoro, anahema kwa furaha. Nilikuwa nimelala nimeelekea ukutani. Nikamwambia, "Weka hapo, nitauona baadaye." Hiyo baadaye haikufika. Wiki iliyopita, nilipokuwa natandika kitanda chake, nikaukuta chini ya godoro, umekunjwa mara nne. Nikaurudisha bila kuukunjua. Sikuwa na ujasiri.

Lililonifanya nikuandikie ni la juzi. Mdogo wake alikuwa akicheza na mfuniko wa sufuria, anaupiga sakafuni na kuangua kicheko kila unapolia. Nikamsikia dada yake akimnong'oneza, "Usicheke. Mama anaumwa." Mtoto akanyamaza, akauacha mfuniko.

Baba yao si mtu mbaya. Huniambia nijikaze na nishukuru kwa nilivyojaliwa. Ndugu wengine wanasema nadeka. Nimejaribu kujilazimisha kutabasamu mbele ya watoto, lakini binti yangu ananitazama kwa shaka, kama nimevaa uso usio wangu. Naogopa kwamba nawaambukiza giza langu. Wakati mwingine nawaza wangekuwa na heri zaidi bila mimi, walelewe na mtu mwenye furaha. Nifanyeje ili watoto wangu waijue furaha, wakati mimi mwenyewe sina?

Mama wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla ya mchoro na kabla ya mfuniko wa sufuria, kuna mstari mmoja ambao lazima nianze nao, kwa sababu umeupitisha karibu na mwisho kama mtu anayetaja jambo la kando. Umesema unawaza wangekuwa na heri bila wewe. Nakuuliza waziwazi, kama ningekuuliza tukiwa tumekaa wawili: je, unawaza kujiua, au unafikiria njia ya kuondoka duniani? Usishtuke kuulizwa. Swali hili halimtii mtu wazo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kushusha mzigo aliokuwa ameubeba peke yake.

Kama jibu ni ndiyo, hata ndiyo ya kusitasita, usiimalize siku ya leo na siri hiyo. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, kwa maneno hayohayo bila kuyapamba. Akae nawe, aondoe karibu yako dawa na kitu chochote unachoweza kujidhuru nacho, na akupeleke hospitali leo, hata ikiwa ni usiku. Hiyo ni dharura kama kutokwa na damu.

Na hilo wazo lenyewe ni ugonjwa unaosema. Huwajia wagonjwa wengi mno, karibu kwa maneno yaleyale uliyoyaandika. Lakini tazama ushahidi uliomo katika barua yako mwenyewe. Mtoto aliyekatiwa tamaa kabisa angeutupa ule mchoro. Wa kwako ameukunja, akauficha mahali anapolala. Kuna mtu anamsubiri auone, na mtu huyo ni wewe.

Sasa niuite ugonjwa kwa jina lake. Mimi si daktari, lakini ulichonieleza kinafanana sana na sonona. Alama zake mbili kubwa ni huzuni isiyoondoka, na kupotea kwa raha katika mambo yaliyokuwa yakikufurahisha. Zikimkaa mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi ulioharibika, hamu ya kula iliyopotea, mwili mzito na kujiona hufai, basi ni wakati wa kupimwa. Wewe umekaa nazo miaka miwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 13 hivi ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hukaribia asilimia 20. Hiyo ni karibu mama mmoja kati ya watano. Hawawezi wote kuwa wanadeka.

Na huko kujikaza unakoambiwa, umeshajikaza. Kwa miaka miwili watoto wamekula, wamevaa, mkubwa amekwenda shule akiwa safi, huku wewe mwenyewe huna nguvu ya kuoga. Kama kujikaza kungekuwa dawa, ungekuwa umepona zamani. Msomeshe baba yao aya hii.

Nije kwa watoto. Umeandika kwamba unawaambukiza giza. Ni kweli kwamba watoto huusoma uso wa mama kabla hawajajua kusoma kitu kingine chochote. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha wageuke kidogo, na wakirudi wawe na uso mkavu, usiotabasamu wala kusema neno, kwa dakika chache tu. Watoto wa miezi michache waligundua papo hapo. Mtoto anatabasamu, ananyoosha mkono, anapiga kelele, anajaribu kila mbinu iliyomfaa jana. Zote zikigonga mwamba, anageuza uso pembeni na kunyong'onyea.

Wapo akina mama wenye sonona ambao wakisikia habari hiyo hulia na kuishia hapo. Nakusihi usiishie hapo, maana jaribio lile lina sehemu ya tatu. Mama anarudi. Uso unafunguka, sauti inasikika. Mtoto analalamika, anasitasita, pengine analia kidogo, kisha anarejea mchezoni. Zaidi ya hapo, Tronick aliona kwamba hata mama na mtoto wenye afya njema muda mwingi hawaendi sambamba: mtoto anataka hiki, mama anaangalia kile. Wanapotezana, wanaonana, wanapotezana tena. Mtoto hujengeka katika kule kuonana tena. Kwa hiyo wewe, mwanangu, usijipime kwa mara ulizogeukia ukuta. Tuhangaikie mara utakazogeuka kurudi.

Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko mahali pengine pote. Umeniuliza utawapaje watoto furaha usiyo nayo. Hutakiwi kuwapa. Wanayo tayari. Binti yako alikuja nayo mbio, mkononi, anahema. Mwanao alikuwa nayo pale sakafuni na mfuniko wake. Wanachohitaji kwako ni kupokelewa, na kupokea kunahitaji nguvu ndogo sana kuliko kuzalisha. Mtu mgonjwa anaweza kupokea.

Binti akija na jambo lake, anza na mwili. Geuka kutoka ukutani. Si lazima uketi; geuka tu, umtazame. Kisha rudia neno lake. Akisema, "Mama, leo nimekimbia nikawa wa pili!" wewe sema, "Wa pili!" Sauti yako itakuwa imefifia, na haidhuru. Halafu muulize swali moja linaloirefusha ile furaha: "Ulijisikiaje ulipofika?" au "Nani alikuwa nyuma yako?" Ukishauliza, nyamaza, mwache asimulie. Hizo ni dakika mbili. Ukihisi umeishiwa, mwambie, "Asante kwa kuniambia. Sasa napumzika, lakini nimekusikia." Ataondoka amebeba furaha yake nzima, na imekuwa kubwa kidogo kwa sababu kuna mtu aliyeishika pamoja naye.

Yapo maneno yanayoizima, na wengi wetu tulilelewa nayo hata tusiyasikie tunapoyasema. "Punguza kelele." "Wa pili? Mbona si wa kwanza?" "Usicheke sana, mwisho wake utalia." Hili la tatu nilikuwa nalisema mimi mwenyewe kwa wanangu miaka mingi, nikidhani nawafundisha kiasi. Nilichokuwa nawafundisha ni kuiogopa furaha. Mtu mwenye sonona huyasema haya kwa urahisi zaidi, kwa sababu kelele ya furaha humuumiza kichwa kweli. Yakikutoka, usijichape. Ila ukiona limekuponyoka, rudi baadaye: "Asubuhi ulitaka kuniambia kitu nikakufokea. Samahani. Bado unaweza kuniambia?" Mtoto aliyerudiwa namna hiyo hujifunza kwamba mlango ukifungwa hufunguliwa tena.

Lile tabasamu la kulazimisha, liache. Binti yako analitilia shaka kwa haki, maana uso unasema hivi na macho yanasema vile, na mtoto wa miaka saba anabaki kujiuliza aamini kipi. Mwambie ukweli ulio mdogo na laini: "Leo uso wa mama umechoka, lakini masikio yanakusikia." Hilo ataliamini.

Kuhusu saa: watu wengi wenye sonona huelemewa zaidi asubuhi, kisha kadiri jua linavyoteremka ndivyo mzigo unavyopungua kidogo. Jichunguze kwa wiki moja. Ukiijua saa yako iliyo nyepesi, iweke kwa ajili yao, dakika kumi tu, na saa zako nzito usizitoze zaidi ya kulisha na kuvisha. Akina mama wengi hujaribu kuwa wachangamfu asubuhi, wanashindwa, halafu siku nzima wanajihukumu.

Mdogo ni rahisi zaidi, naye hahitaji maneno. Siku moja, katika saa yako nyepesi, keti sakafuni na mfuniko wa pili. Akipiga, nawe piga. Akinyamaza, nyamaza. Mtoto wa umri huo akiigwa huona dunia nzima imemwitikia. Atakutazama, atapiga tena akusikilize utafanyaje. Ukicheka, heri. Usipocheka, piga tu mfuniko. Na hakikisha dada yake anaona, maana yeye ndiye aliyeweka marufuku ya kucheka, na anahitaji kuona kwa macho yake kwamba imeondolewa.

Huyo binti ndiye ananipa wasiwasi zaidi. Amejipa kazi ya ulinzi. Ameona mama anaumwa, hakuna aliyemweleza, basi amejitungia maelezo yake: kelele zinamuumiza mama, furaha inamuumiza mama, nikikaa kimya atapona. Mtoto asipopewa sababu hujitafutia, na mara nyingi hujikuta yeye mwenyewe ndiye sababu. Daktari wa akili William Beardslee wa Boston, aliyefuatilia familia za wazazi wenye sonona, aliona kwamba vijana waliostahimili vizuri walikuwa wanaelewa mzazi wao ni mgonjwa na kwamba ugonjwa ule haukuletwa na wao. Kwa hiyo kaa naye, baba yake akiwepo ikiwezekana, umwambie kwa maneno ya kadiri yake. Nakuandikia namna moja, uibadilishe upendavyo:

"Mama anaumwa ugonjwa unaoitwa sonona. Unafanya mwili uchoke na kicheko kisitoke. Hukuuleta wewe, wala mdogo wako. Kelele zenu hazikuuleta. Kuniponya si kazi yako, ni kazi ya daktari na ya mimi mwenyewe. Kazi yako ni kucheza. Ukicheka huniumizi. Nakuruhusu kucheka humu ndani, hata siku ambayo mimi sicheki."

Mwache aulize. Pengine atauliza kama utakufa, au kama naye ataupata. Jibu kwa ukweli na kwa ufupi: unatafuta matibabu, na kuna watu wazima wanaokusaidia. Pengine hatauliza lolote, ataondoka kwenda kucheza, kisha arudi na swali siku ya tatu ukiwa unafua. Lipokee hapohapo. Na kama utamwona mwenyewe amezama, halali, anakataa shule, hataki tena kucheza na wenzake kwa wiki mbili au zaidi, mpeleke naye akaonwe na mtaalamu. Kumpeleka mapema hakumharibii mtoto chochote.

Kabla ya kulala, kama una pumzi, muulize jambo moja: "Leo kipi kilikufurahisha?" Hata kama ni kidogo, mdudu aliyemwona njiani. Mwombe akueleze mdudu alikuwa wa rangi gani, alitembeaje. Furaha ikisimuliwa hudumu, na mtoto hujifunza kuitambua na kuitaja kwa jina, kama anavyojifunza kutaja njaa na maumivu. Usiku ambao huna pumzi, baba yake amuulize.

Maana baba ana kazi hapa. Mwambie nimesema aache kukuhesabia baraka, achukue jioni mbili kwa wiki za kucheza na watoto michezo ya kelele, ile wewe huiwezi kwa sasa. Shangazi zao, bibi yao, mwalimu anayempenda binti, wote waruhusu. Najua inachoma kumsikia mwanao akicheka na mtu mwingine wakati kwako ananyamaza. Hujaibiwa. Mtoto anayechekeshwa na watu watatu hana mapenzi pungufu kwa mama.

Hata hivyo, haya yote niliyokuandikia ni ya kushikizia tu hadi upone, na kupona kunahitaji matibabu. Kundi moja la watafiti nchini Marekani, akiwemo Myrna Weissman, lilifuatilia akina mama 151 waliokuwa wakitibiwa sonona pamoja na watoto wao wa miaka 7 hadi 17, likachapisha matokeo mwaka 2006. Baada ya miezi mitatu, kwa watoto ambao mama zao walikuwa wamepona, magonjwa ya akili yalipungua kwa asilimia 11. Kwa wale ambao mama zao bado walikuwa wagonjwa, yaliongezeka kwa asilimia 8. Watoto wale wenyewe hawakuwa wametibiwa katika mpango ule. Aliyetibiwa ni mama. Unaponiuliza umfanyie nini binti yako, kwenda kutibiwa ni jambo kubwa kuliko yote unayoweza kumfanyia.

Na usidhani lazima umpate bingwa wa mbali. Huko Pakistan, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini namna ya kuzungumza na akina mama wenye sonona: kuyakamata mawazo mabaya, kuyapima kama ni ya kweli, na kupanga hatua ndogo za kila siku, mojawapo ikiwa kucheza na mtoto. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Watoto walipofika miezi sita, akina mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, huku kwa wasiopata huduma ile wakiwa asilimia 53. Mazungumzo yale yalifanywa nyumbani kwao na wahudumu wasio madaktari, na baadaye Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake ili utumike kwingineko.

Kwa hiyo nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Usiseme "nimechoka tu", maana watakupa vitamini na kukurudisha nyumbani. Sema, "Nadhani nina sonona, tangu nijifungue, miaka miwili sasa." Kama ni vigumu kutamka, wapelekee barua uliyoniandikia mimi, imejitosheleza. Waombe wapime pia damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyolegea huweza kuleta uchovu unaofanana na huo. Wakikupa dawa, ujue kwamba huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi. Wengi huziacha wiki ya pili wakidhani zimeshindwa. Usiziache ghafla bila kumwambia daktari, na kama bado unanyonyesha au una ujauzito mwambie tangu mwanzo, achague inayofaa.

Huo ni mpango wa wiki hii. Wa leo jioni ni mdogo zaidi. Usiutoe ule mchoro chini ya godoro wewe mwenyewe, maana ni siri yake, ameuweka pale kwa sababu zake. Subiri saa yako nyepesi, umwite, umwambie, "Mwezi ule ulikuja na mchoro, nikasema nitauona baadaye, sikuuona. Naomba niuone leo, kama bado upo." Akisema umepotea, usimsute, mwambie ukipatikana utakuwa hapohapo. Akiuleta, mwache aukunjue yeye. Usiusifu haraka. Muulize huyu ni nani, na huyu je, na kwa nini amepaka rangi hii.

Kisha niandikie, hata mstari mmoja, unieleze alichora nini.

Shangazi yako